Ukungu wa Chupani

Baba alipokwenda Putumayo kutafuta kibarua
alituachia deni dukani, nyumbu mmoja kiwete,
na chupa arobaini na tatu chini ya kitanda,
zote tupu, zote zanuka pombe ya anisi.
Mama hakuzitupa.
"Chupa haina kosa," alisema, akazipanga ukutani
kama watoto waliofukuzwa shule kwa ajili ya ada.

Mwaka ule buni zilibunguliwa.
Mtini zilikuwa nyekundu, zinavutia;
ukiziminya, unga mweusi.
Mdudu mwenyewe mdogo kuliko herufi hizi,
jike, mweusi, mwenye subira:
hutoboa kitovu cha buni, akaingia, akataga,
na wanawe wakazaliwa ndani ya chakula.
Mnunuzi wa Tablón Alto alimimina kahawa yetu
kwenye ndoo ya maji. Nusu ikaelea.
Hakusema neno. Alitazama pembeni tu,
na bei ikashuka.

Sumu tuliijua.
Sumu ndiyo iliyomlaza mjomba Hermógenes
siku tatu akitapika,
na nyuki wa jirani hawakurudi mizingani.
Kwa hiyo Fanor, bwana shamba, alipopanda mlima
akasema, "Nipikieni wali, usiive sana,"
tulidhani ana njaa.

Wali akautia katika chupa za baba,
akaziba kwa pamba, akazifukiza kwenye sufuria kubwa,
zikapoa; kisha kwa sindano
akadondosha tone, tone, tone la maji yenye weupe.
"Ziwekeni gizani. Msizifungue."

Siku ya nane ukungu uliingia chupani
kama ule upandao kutoka bondeni alasiri
ukifuta mbuni mmoja baada ya mwingine.
Jina moja, nikawaza, na labda ukoo mmoja.
Chupa tisa ziligeuka kijani, zikaoza.
Mama alizifukia mbali na kisima.

Tulinyunyiza saa sita mchana,
tulivyozoea kunyunyiza sumu.
Jua likaula ukungu wote kabla hatujala sisi.
"Hiki ni kiumbe," Fanor alisema, amechoka,
"kina kiu. Kinaogopa jua
kama mgonjwa wa macho."
Tukaanza upya. Wali mwingine, deni jingine.

Nilimkuta wa kwanza baada ya siku kumi na mbili,
mlangoni pa tundu lake,
nusu ndani, nusu nje, amevaa pamba.
Chembe moja ilimshika mgongoni,
ikaota, ikapenyeza uzi katika gamba lake.
Mwosha huoshwa:
aliyetoboa ametobolewa.
Nilitaka kucheka. Kisha nikaona miguu yake
imekunjwa, midogo, kama ya mtu anayesali,
nikanyamaza.

Sitadanganya, hawakufa wote.
Katika kila kumi tulihesabu wanne,
mwezi wa mvua nyingi, sita.
Zilizoanguka bado tuliziokota
moja moja, magoti matopeni,
kwani buni moja iliyosahaulika
ni kijiji kizima cha mwakani.

Baba alirudi wakati wa mavuno,
amekonda, kofia si yake.
Akaziona chupa rafuni, zimejaa tena.
Akachukua moja, akaitikisa,
akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Nini hii?"
"Ukungu," mama alijibu, hakugeuka kutoka jikoni.
"Usinywe."

Aliirudisha kwa mikono miwili.
Akakaa kimya mpaka uji ukapoa mbele yake,
kisha akauliza, si mama, mimi,
hunyunyizwa saa ngapi.
"Saa kumi," nikasema, "jua likishalegea."
Akavua ile kofia,
akakaa kizingitini kuingoja.